Kutu Ikiisha, Asidi Husema

Mume wangu ni fundi wa kutu. Wapo mafundi wa magari, wa saa, wa viatu. Wa kwangu huletewa vyuma vilivyokwisha kukatiwa tamaa. Bawaba, kufuli, minyororo ya baiskeli, mashine za kusaga nyama zilizosahauliwa chini ya ngazi miaka kumi. Mtu huja navyo ndani ya mfuko wa plastiki, huvimwaga mezani na kuanza kuomba radhi, utadhani yeye ndiye aliyevilowesha kwa makusudi. Fundi hukigeuza chuma, hukikwaruza kwa ukucha, kisha husema, "Kipo." Maana yake, chini ya kutu bado kuna chuma. Akisema, "Hakipo," usibishane naye. Chukua mfuko wako uende.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia, miaka thelathini na moja chaki mkononi. Nyumbani ananiita Mwalimu, nami namwita Fundi, na tumeitana hivyo muda mrefu mpaka binti yetu alipokuwa mdogo alidhani ndiyo majina tuliyopewa na wazazi wetu.

Dawa yake ni asidi ya fosfori. Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu siwezi kuipita asidi hii bila kuisifu. Ile ya betri ya gari ina hasira. Ikikumwagikia suruali, suruali hiyo usiihesabu tena. Ya fosfori ina subira. Inakuja kwenye dumu, haina rangi, nzito kama asali, haifuki moshi wala haina harufu ya kukukaba koo. Tone lake limo hata ndani ya soda nyeusi mnayoinywa kila siku bila kuuliza. Ukiizimua, yaani ukaimimina asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi (hilo niliwakaririsha wanafunzi mpaka wakawa wanaliota), halafu ukatumbukiza chuma chenye kutu, haikurupuki. Inaanza na kutu. Ule unga mwekundu inaugeuza kuwa fosfati ya chuma, nyeusi au ya kijivujivu, inayong'ang'ania chuma na kukikinga kisishikwe upesi tena. Muda wote huo iko kimya. Ikishamaliza kutu ndipo inakikuta chuma chenyewe, na hapo huanza kukila. Gesi ya haidrojeni inatoka, vipovu vinapanda.

Wako wanaotazama saa. Fundi wangu anaicheka saa, kwa kuwa kutu za vyuma viwili hazilingani, na siku ya jua kali asidi hukimbia, siku ya baridi hujikokota. Kutazama nako hakusaidii. Maji ya beseni lake yametumika mara nyingi, yamekuwa meusi, na juu yake limetanda povu la uchafu lisilokwisha. Yeye husikiliza. Vile vipovu vya kwanza vina sauti, ndogo mno, kama ya mtu anayenong'ona chumba cha pili. Akiisikia tu, hutumbukiza koleo, hukitoa chuma, hukisuuza, hukikausha, hukipaka mafuta. Ukiwahi, kutu inabaki kwenye vishimo. Ukichelewa, chuma kimeliwa. Miaka yote hiyo hakuwahi wala hakuchelewa, na watu walikuwa wakija kumtazama akiliinamia beseni, wanasema mzee huyu anazungumza na asidi.

Nilipostaafu nilipata shida ambayo sikumwambia mtu. Naamka saa kumi na moja na nusu, naoga, navaa, halafu nakaa kitandani na mkoba mapajani kwa kuwa sina pa kwenda. Nilikuwa nasahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu. Karakana imeungana na jiko letu, mlango mmoja tu katikati, kwa hiyo saa nne nilikuwa nampelekea Fundi chai, nakaa robo saa, najiona nimemzibia njia, narudi zangu ndani. Miezi minne ilipita hivyo. Siku moja akaja mwenyewe jikoni, akabeba kiti changu cha mkono bila hata kuniuliza, akakiweka karakanani karibu na beseni, upande wa dirishani.

"Kuanzia leo utakaa hapa, Mwalimu," akasema. "Peke yangu sioni raha."

Mwanaume huyu hajawahi kuniambia neno kama hilo hata tulipokuwa wachumba. Alinichumbia kwa kunitengenezea kufuli ya sanduku. Basi nilijikausha, nikasema nitajaribu kwa wiki moja nione, lakini moyoni nilikuwa nacheka peke yangu. Miaka miwili nilikaa kwenye kiti kile na ufumaji wangu, kila siku ananiita, "Mwalimu, natia chuma!" nami naacha nilichonacho naenda. Akiliinamia beseni, uso wake huwa umeelekea kwangu. Mwanamke wa umri wangu akitazamwa vile kila siku, hunyooka mgongo. Nilinyooka.

Halafu binti yetu akajifungua mtoto wa kiume, nami nikaenda kumsaidia wiki tatu. Nikimpigia Fundi simu kumsimulia jinsi mjukuu, mume wangu mdogo, anavyopiga miayo, ananijibu kwamba mvua imenyesha. Nikalaumu mtandao. Nyumbani nako, mara ngapi nilimwambia jambo akapita kama vile hakuambiwa! Mke wa miaka thelathini na minane ameshazoea kupuuzwa kidogo, hana haja ya kutafuta sababu nyingine.

Siku ya pili baada ya kurudi, kabla sijafungua hata mfuko wa zawadi, akaingia Bi Cherehani. Huyu ni mshonaji, duka lake liko ng'ambo ya barabara, tunatazamana dirisha kwa dirisha, na jina hilo tulimpa sisi majirani naye akalipokea. Bomba lilikuwa limepasuka dukani kwake alipokuwa amelazwa, mashine zake mbili zikakaa majini siku tisa. Alimletea Fundi vyuma vya mashine ya kwanza nilipokuwa kwa binti yangu. Sasa alikuwa ameshika kichuma kimoja kwenye leso, yale meno madogo ya chini ya sindano yanayokisukuma kitambaa kiende.

"Dada, nitazamie haya," akaniambia. "Kitambaa hakiendi. Naweka, nasukuma pedeli, kinakaa pale pale kinatobolewa tundu moja."

Nikapitisha kidole. Nilitegemea kuchomwachomwa, nikateleza. Meno yalikuwa yamekwisha, kibogoyo kabisa, na chuma chenyewe kimeliwa na kuwa chembamba. Asidi ilikuwa imekula siku nzima, pengine mbili.

"Asidi ya safari hii ilikuwa kali," Fundi akasema, akageukia rafu zake kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Maneno hayo yaliniudhi. Dumu ni lile lile, vipimo ni vile vile, na vipimo hivyo nilimwandikia mimi. Bi Cherehani alipoondoka nikachukua asidi kidogo kwenye chupa, nikaipima kwa karatasi zangu, nikatumbukiza msumari wenye kutu. Asidi ilikuwa mpole kama siku zote. Nikampelekea majibu.

"Basi ni mimi," akasema. "Nilipitiwa."

Vitasa viwili na mnyororo wa mtu mwingine navyo vilikuwa vimeliwa, niliviona nyuma ya mlango vimefunikwa gunia. Huko si kupitiwa. Lakini alikuwa amekonda wiki zile tatu, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vya juu chini, nikamwonea huruma nikanyamaza.

Jumatatu Bi Cherehani akaleta meno ya mashine ya pili. Aliyashika, hataki kuyaachia.

"Shemeji, haya ndiyo yaliyobaki. Mashine hizi ni za zamani, vipuri vyake havipo tena. Haya nayo yakienda, mimi nafunga duka."

"Hayataenda," Fundi akamjibu kwa sauti kubwa. "Mwalimu karudi."

Nilijiona malkia. Nilidhani ni maneno ya kunisifu mbele ya jirani.

Akasema ataanza na bolti ya kujaribia, ili ajue beseni lina nguvu gani, ndipo atie meno. Nikakaa kwenye kiti changu. Badala ya ufumaji nilikuwa na simu, nimefungua picha ambayo binti yangu alikuwa ameituma dakika ile ile: mume wangu mdogo kavalishwa kofia niliyomfumia, imemfunika mpaka puani. Nikawa natazama hiyo kofia, nacheka, naitazama tena. Beseni likaanza kunong'ona. Nililisikia vizuri, ila nilikuwa sitaki kuinua kichwa.

Fundi ameinama, sikio juu ya beseni, uso kwangu. Mnong'ono ukazidi.

"Fundi, hiyo inasema," nikamwambia nikiwa bado nimeinamia simu.

Hakutikisika. Sasa ilikuwa haisemi tena, ilikuwa inachemka kama mafuta kwenye kikaango.

"Fundi, nimesema inasema!"

Nikainua kichwa kutazama beseni. Kabla shingo yangu haijanyooka sawasawa, koleo lilikuwa limeshaingia majini.

Nimesimamia mitihani miaka thelathini na moja. Najua mwanafunzi anayefikiri anakaaje, na najua anayeibia kwa jirani anakaaje. Anayeibia hukitazama kichwa cha mwenzake. Mwenzake akiandika, naye anaandika.

Nilimfanyia ishara atie bolti nyingine, akatia. Nikahesabu moyoni mpaka sitini, muda ambao kutu haijaanza hata kulegea, beseni liko kimya kama kisima. Nikainua kichwa na kulikazia macho beseni. Koleo likaingia. Bolti ikatoka nyekundu vile vile ilivyoingia.

Akaitazama bolti. Kisha akanitazama mimi. Alijua kwamba nimejua.

Nilisimama nikaenda mbele yake kabisa. "Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Unasikia nini?"

"Nyundo nasikia. Gari nasikia. Wewe nakusikia ukisimama mbele yangu hivi ukapaza sauti, na nikiitazama midomo yako." Akafikiri. "Vitu vidogo vidogo ndivyo vimekwenda. Ndege. Saa ya ukutani. Na hii." Akaligusa beseni kwa koleo.

"Na mimi nilipokuwa safarini?"

"Nilibahatisha." Akalifunua lile gunia nyuma ya mlango kwa mguu, akalifunika tena. "Umeona nilivyobahatisha."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, Mwalimu? Fundi wa kutu asiyesikia, huyo ni fundi gani? Mrudishie jirani meno yake. Karakana nitaifunga, yameisha."

Mtu mwema angemshika mkono pale pale. Mimi sikuwa mtu mwema saa ile. Kichwani mwangu kilikuwa kinazunguka kiti changu cha mkono, kilivyobebwa kutoka jikoni kikaja kuwekwa mahali ambapo uso wangu unaonekana vizuri kwa mwanga wa dirisha. Nilihesabu miezi. Mwaka wa pili huu, amesema. Na mimi nimekalishwa mwaka wa pili huu. Kumbe mgongo wote ule nilikuwa nimemnyooshea mtu anayesubiri nishtuke.

Nilikusanya simu yangu na kapu la nyuzi. Nilipofika mlangoni nikasimama, mgongo kwake, maana sikutaka aone macho yangu yalivyo.

"Miaka yote hii miwili ulikuwa unamwita nani?" nikamuuliza. "Ulikuwa unaniita mimi, au ulikuwa unayaita masikio yangu?"

Nikasubiri. Nilisikia koleo likiwekwa mezani. Nilisikia akivuta stuli akikaa. Jibu halikuja, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Asubuhi nilimkuta anapanga tupa na brashi zake ndani ya sanduku. Kwenye kipande cha boksi alikuwa ameandika IMEFUNGWA kwa herufi zake za kujikaza, na alikuwa anatafuta misumari. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na hasira hiyo nilikuwa nimeitunza usiku kucha kwa ajili ya jambo moja; kumwona anafunga karakana ikanikasirisha kwa jambo la pili, na la pili likalipita la kwanza. Nilimpokonya lile boksi.

"Kaa hapo," nikamwambia usoni. "Usiguse kitu."

Nilirudi jikoni nikachukua faneli pana ya plastiki na chupa ya jemu ya kioo. Hiki ni kitu nilichofundisha kila mwaka kwa watoto wa kidato cha pili, wengine wakilala. Nilitia bolti ndani ya beseni, nikaifunika kwa faneli iliyopinduliwa, mdomo mpana chini, shingo juu. Chupa nikaijaza maji yale yale ya beseni, nikaziba mdomo wake kwa kiganja chenye glovu, nikaipindua juu ya shingo ya faneli, mdomo ukiwa umezama. Maji meusi yakabaki yamejaa ndani ya chupa, hayashuki, yamesimama juu ya povu lote mahali ambapo hata nusu kipofu angeyaona.

"Kutu inapoliwa, hakuna gesi," nikamwambia taratibu, midomo nikiifungua vizuri. "Chuma kikiguswa, gesi inapanda, inaingia chupani, inayasukuma maji chini. Chupa ikianza kuwa nyeupe juu, toa."

Alinitazama kwa mashaka, kama anavyowatazama watu wa vipimo siku zote. Tukakaa. Dakika zikapita, chupa nyeusi tii. Kisha nikasikia ule mnong'ono, nami nikajilazimisha kutazama ukutani. Sikutikisa hata kope. Juu kabisa ya chupa pakatokea mwanga mwembamba kama ukucha. Ukapanuka ukawa kidole.

Fundi akatoa bolti. Akaisuuza, akaipeleka dirishani, akaigeuza mara tatu. Ilikuwa ya kijivu safi, mizingo yake yote ya kukazia nati imesimama, hakuna kutu, hakuna palipoliwa. Alipitisha ukucha kwenye kila mzingo. Mimi huku nikaichomoa chupa kwa uangalifu, maji yaliyobaki yakarudi ndani ya beseni, mdomo bado chini, nikaipeleka mbali na beseni, nikawasha kiberiti nikakisogeza mdomoni mwake.

Pah!

Fundi akaruka. "Hiyo nimeisikia!" Akacheka mpaka akashika meza, na mimi nusura nicheke naye. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimwona anacheka kwa kinywa chote.

Nikakumbuka kwamba nimekasirika.

"Basi," nikasema, nikiitua chupa mbele yake. "Hayo ndiyo masikio yako mapya. Hayachoki, na hayasafiri kwenda kulea mjukuu. Sasa mimi nimestaafu kwa mara ya pili."

Meno ya Bi Cherehani Fundi aliyatia siku hiyo hiyo. Kupitia ukuta wa jiko sikusikia kitu, na mchana nikasikia mashine ng'ambo ya barabara ikikimbia mshono mrefu bila kusita, ikasimama, ikakimbia tena. Meno ya mashine ya kwanza Fundi akayachonga mwenyewe kwa tupa kutoka kipande cha chuma cha springi, siku mbili, jino moja moja. Mikono yake haijambo kabisa. Nilifurahi, nakiri. Nilifurahi nikiwa nimenuna, jambo linalochosha sana mwili.

Kila asubuhi aliniita. "Mwalimu, natia chuma!" Nami namjibu nikiwa jikoni, "Tazama chupa!" Ananiita tena. Najibu tena. Anaacha. Nilifungua redio, nikalisahihisha gazeti zima mpaka matangazo ya vifo. Mchana tulikula pamoja kwa adabu, nipe chumvi, asante, karibu maji. Yeye hakuuliza, mimi sikusema. Nilikuwa nasubiri jibu la swali langu, na kila siku iliyopita bila jibu nilihesabu kuwa ndilo jibu lenyewe. Huku najiambia kwamba mtu mzima mwenye mjukuu hapaswi kuumizwa na kiti. Niliumia tu. Sikutaka kuwa kifaa cha kazi cha mume wangu, kizuri kupita vingine, halafu kifaa chenyewe kiwe ndicho kilichotengeneza kifaa cha kukiondoa.

Siku ya tatu Bi Cherehani alikuja kutushukuru, akapitia karakanani kwanza, kisha kwangu.

"Mume wako ana nini?" akaniuliza. "Nimetaka kukaa kwenye kile kiti cha dirishani nimsubiri, kanisimamisha. Kaniambia kina mwenyewe. Nimesimama nusu saa, dada, na miguu hii!"

"Atakuwa anakiwekea vifaa," nikasema.

"Hakina kitu juu yake," akasema Bi Cherehani.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, mlango wa karakana ukafunguka, Fundi akaingia jikoni na aproni yake. Hajawahi kuingia ndani na aproni tangu tuhamie nyumba hii, nilimkataza mimi. Alikuja akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono akazima redio.

"Nimekukosea nini?" akauliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Najua nilikuficha. Nilikosa, na nikikaa vizuri nitakuomba radhi kwa maneno mengi kuliko haya. Lakini nimekuwa nakutazama siku nne hizi mezani, unanitazama kama mtu anayenidai neno. Neno gani? Niambie nilitoe."

"Nilikuuliza swali," nikasema. "Hukunijibu."

"Swali gani?"

"Siku ile ile. Nilipokuwa natoka, nimefika mlangoni, niliku..."

Nikaishia hapo. Nilimtazama, yeye akiitazama midomo yangu kwa bidii kama mtoto anayesoma ubao ulioandikwa vibaya. Nilikuwa nimempa mgongo. Dakika moja baada ya kugundua kwamba mume wangu hasikii, nilimuuliza swali kubwa la ndoa yangu kwa kisogo. Halafu nikakaa siku nne namlaumu kwa kunyamaza. Zile mara zote alizoniita asubuhi, mimi nikamjibu kupitia ukuta.

Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Nikatumia sauti yangu ya darasani, ile inayofika benchi la nyuma.

"Nilikuuliza hivi. Ulipobeba kiti changu ukanipeleka kule, ulikuwa unaniita mimi, au masikio yangu?"

Hakufikiri hata kidogo. Ndicho kilichonishangaza, kwamba jibu lilikuwa karibu namna ile siku zote.

"Sasa masikio yako nilijuaje kama nayahitaji?" akasema. "Mimi nilikuwa sijui kama ni kiziwi. Mtu hajui. Kitu usichokisikia, utajuaje kwamba kimesema? Wewe ulikuja na chai yako ile ya saa nne, ukakaa pale kwenye ndoo, unapuliza kikombe. Mimi nilikuwa na chuma ndani ya beseni, na badala ya kushughulika na chuma nilikuwa nakutazama wewe. Kila siku ukija nilikuwa nakutazama, robo saa yako yote, halafu unaondoka. Basi siku ile nikakuona umeacha kupuliza, umegeuza uso kwenye beseni. Nikasema, kasikia nini huyu? Nikainama, pakawa kimya. Nikainama zaidi, kimya. Nikatoa chuma, kumbe kilishakuwa tayari." Akafuta mikono yake kwenye aproni, mikono iliyokuwa safi. "Ndiyo siku niliyojua masikio yangu yamekufa. Nilijua kwa sababu nilikuwa nakutazama. Kama nisingekuwa nakutazama, Mwalimu, mpaka leo ningekuwa naharibu vyuma vya watu na kulaumu dumu."

Nimesahihisha majibu ya wanafunzi maelfu kwa maelfu. Nimezoea kutafuta mahali hatua ya pili imewekwa mbele ya ya kwanza, kwa kuwa huko ndiko wengi huanguka. Nililipitia jibu lake kutoka mwanzo. Kutazama kwanza, kujua baadaye, kiti mwishoni. Hatua zote zilikuwa mahali pake.

Nilikuwa nimemsikia vizuri sana, kila neno, mpaka pumzi alizovuta katikati.

"Sijasikia," nikamwambia. "Hebu sema tena."

Naye, bila haraka yoyote, akavuta kiti cha jikoni, akakaa uso kwa uso nami, akaanza upya kuanzia kwenye chai.